Ridhaa ya Kijana Haijazwi na Amri: Tulichokisikia Kwamsisi

Likizo iliyopita sisi mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa tulipangiwa kazi za kichungaji katika parokia moja wilayani Handeni. Wiki ya kwanza haijaisha, Halmashauri ya Walei ikatuita. Walikuwa na shida na vijana wao. Waendesha bodaboda hawaonekani kwenye Misa ya Dominika. Kwaya ya vijana imegawanyika kwa ugomvi wa sare. Wasichana wawili wameacha shule kwa sababu ya mimba. Mkutano wa mwisho wa VIWAWA ulihudhuriwa na watu saba, na wawili kati yao walikuja kufuata spika. "Ninyi ni wasomi, tena ni vijana wenzao," mzee mmoja alituambia. "Waandikieni kanuni. Kali. Sisi tutazipitisha."

Tuliandika kanuni 19 kwa jioni mbili, na lazima tukiri kwamba tuliifurahia sana kazi ile. Mwenye kunyoa kiduku asisome somo altareni. Mwenye suruali ya mlegezo arudishwe mlangoni. Mwenye bodaboda atakayebeba abiria kabla ya Misa ya kwanza alipe faini ya shilingi 5,000. Asiyehudhuria jumuiya mara tatu mfululizo asipewe barua ya kumbatizia mtoto. Kanuni ya 14 ilisema msichana atakayezaa nje ya ndoa akae nje ya kwaya mwaka mzima. Kuhusu mvulana aliyempa mimba hatukuandika kitu. Hatukuwa na nia mbaya. Hakuna kati yetu aliyemkumbuka.

Daftari lile lilikuwa ndani ya begi Jumamosi iliyofuata, katekista alipotupeleka Kwamsisi kumtembelea mgonjwa. Tuliacha lami ya barabara kuu iendayo Segera, tukapanda bodaboda tatu (dereva mmoja, tulikuja kugundua, ni mmoja wa wale walengwa wa kanuni ya faini) na tukafika vumbi limetufanya sote rangi moja. Baada ya sala kwa mgonjwa tulikaribishwa barazani kwa jirani yake, mzee Mwislamu, Mzigua wa hapo hapo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hawa ndio mapadri wadogo?"

"Bado, babu. Ni mafrateri."

Katekista, kwa kutusifia, akamweleza kwamba tumekuja kuwanyoosha vijana na tumeshaandika kanuni. Mzee akauliza ni ngapi. Tukasema kumi na tisa. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sisi tulikuwa na zaidi ya hizo," alisema, "na zilitoka kwa Baba wa Taifa, si kwa frateri. Kaeni niwaambie."

Inafaa tueleze kwanza kwa nini mzee wa Kwamsisi ana haki ya kusema neno kama hilo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na Septemba ya mwaka huo huo andiko la Ujamaa Vijijini. Nchi iliambiwa kwamba mapinduzi ya kweli si kubadili bendera bali kubadili namna ya kuishi, na aliyetakiwa kubadilika kwanza ni kijana, kwa kuwa mzee alishakunjamana. Mwaka 1971, chini ya Chuo cha Ualimu Korogwe, Kwamsisi ilifanywa mahali pa majaribio ya shule ya jamii. Shule na kijiji vilitakiwa viwe kitu kimoja. Mwanafunzi ajifunze hesabu kwenye mazao ya kijiji, mwanakijiji ajifunze kusoma chini ya paa lile lile la mwanafunzi, mwalimu awe mjamaa kama wengine, si bwana mdogo wa kutoka bomani. Baadaye mpango ulioitwa MTUU, ulioungwa mkono na UNESCO na UNICEF, uliendeleza wazo hilo katika shule nyingine. Kwa hiyo kijiji hiki, ambacho leo wengi wa wasomaji wetu hawangeweza kukionyesha kwenye ramani, kiliwahi kutazamwa na walimu wa nchi nzima.

Mzee wetu alikuwa mtoto wa shule hiyo. Kitu alichokikumbuka kwanza hakikuwa jembe. Alikumbuka kwamba akiwa darasa la nne alisimama katika mkutano akamwambia mtunza hesabu, mtu mzima, rika la baba yake, kwamba amekosea kujumlisha magunia. "Nilitegemea kofi. Wakahesabu upya. Nilikuwa sahihi." Alitutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumeelewa uzito wake. Kwa Wazigua wa kizazi cha baba yake, mtoto kumsahihisha mkubwa hadharani lilikuwa jambo la kutafutiwa dawa. Mapinduzi yalimpa mtoto huyo sauti, na hata sasa, baada ya zaidi ya miaka 50, sauti yenyewe bado ilikuwa imempamba uso.

Tunalisema hili mapema ili tusije tukahesabiwa miongoni mwa watu wanaoicheka Ujamaa kwa urahisi. Mwaka 1970 Watanzania watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67; mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Hayo si maneno ya jukwaani. Kuna bibi zetu wanaosoma Biblia kwa sababu ya kampeni ile.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alisema palikuja wakati mkutano ukawa wa kuhesabu vichwa tu. Ndugu za mama yake, waliokaa mbali kidogo kwenye migomba yao, waliambiwa wahame. Hawakuulizwa. Binamu yake mmoja, kijana wa miaka 19, alijenga kibanda kipya mahali alipoonyeshwa, akalima ekari alizopangiwa, akapiga makofi penye kupigwa makofi, na siku moja asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikwenda Tanga mjini kubeba mizigo. Miaka baadaye, Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilipoanza kusaka mijini wasio na kazi inayotambulika, alirudishwa. Akaondoka tena. "Mara ya pili hakuaga hata mama yake," mzee alisema. "Mara ya kwanza aliaga."

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa maoni yetu, na watu waliotafiti vijiji vya Ujamaa mkoani Tanga, kama Michaela von Freyhold katika kitabu chake cha mwaka 1979, waliona kwa upana kile ambacho mzee alikiona kwenye kitanda kimoja kitupu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amelijua jambo hili kabla ya wote. Mwaka 1967 na tena mwaka 1968 aliandika wazi kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa nguvu na kwamba watu hawaendelezwi kama mifugo, wanajiendeleza. Kisha tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia 1976. Malori yakatembea. Kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1975 ikaja sheria ya vijiji kukipa jambo hilo sura ya kisheria. Mtu yule yule, Mkatoliki wa Misa ya kila siku, mwalimu mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, ambaye leo Kanisa limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hatuandiki haya kumshtaki. Tunayaandika kwa kuwa kama yeye, aliyejua, alifikia kuchoka kungoja ridhaa, basi frateri mwenye daftari atachoka baada ya wiki moja. Sisi tulichoka hata kabla ya kuanza.

Ipo habari nyingine ambayo kila mara tunapoisoma inatuumiza. Huko Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walikwenda porini Litowa wakaanza kuishi kijamaa bila kusubiri Azimio lolote. Walishindwa, wakarudi, wakaanza upya, vijiji vikaongezeka, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakawa na shule yao iliyofundisha kujitegemea kabla neno hilo halijawa sera. Hakuna aliyewaamuru. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao, na mali zao zikachukuliwa. Kosa lao kubwa lilikuwa kwamba walijiamulia. Miaka miwili baadaye majaribio yakaanza Kwamsisi, safari hii chini ya mkono wa chuo na serikali. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja utaona kwamba watawala walioyapenda matunda ya uhuru wa vijana hawakuweza kuuvumilia uhuru wenyewe.

Tukarudi kwa mzee, kwa sababu alikuwa ameanza kuzungumzia suruali.

Kaka yake alirudi kutoka mjini na bugaluu. Wasomaji wadogo hawajui bugaluu: ni suruali iliyobana juu na kupanuka chini kama kengele, ukitembea inafagia. Enzi hizo mavazi yalikuwa suala la siasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kwa hoja kwamba ni utumwa wa utamaduni wa kigeni. Kabla hata tarehe haijafika, wanawake walishambuliwa Kariakoo, wengine wakashushwa kwenye mabasi na kuvuliwa. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Na huku kijana wa mjini akivuliwa kimini kwa kuwa si Mwafrika vya kutosha, huko Umasaini watu walisukumwa wavae suruali waachane na lubega kwa kuwa ni Waafrika kupita kiasi. Kaka wa mzee, kule Handeni, alichagua njia ya katikati. Suruali ile aliivaa usiku tu, ndani, mlango umefungwa, akitembea kutoka kitandani hadi ukutani.

Tulicheka wote. Kisha mmoja wetu akauliza ni nani hasa waliokuwa wakikagua mavazi. "Vijana," mzee akajibu. "Wa rika lake. Mmoja alikuwa rafiki yake."

Jibu hilo ndilo lililotunyamazisha njia nzima ya kurudi. Tukifikiria sheria kali za mapinduzi huwa tunawaona wazee wenye miwani wakiwabana vijana. Sivyo ilivyokuwa. Waliofunga mabasi Kariakoo walikuwa na umri wetu. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalileta elimu bure na ekari tatu kwa mkulima asiye na ardhi, na hakuna haki ya kulidharau hilo. Lakini yalileta pia walinzi wa Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi waliowakamata vijana wenzao kwa vimini, nywele za afro na bugaluu, pamoja na macho yaliyochunguza hata filamu wanazotazama. Mwaka 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa serikali, kwa jina la kuondoa ubaguzi. Kuondoa ubaguzi ni lengo jema. Mwanasheria wa Kanisa atakuambia, kwa kufuata kanuni ya 1057, kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza ridhaa hiyo ikikosekana. Si serikali, si mzazi, si Papa. Tuliisoma kanuni hiyo tukidhani inahusu ndoa tu.

Najua, tunajua, jibu litakalotolewa, kwa sababu sisi wenyewe tulilitoa usiku ule parokiani. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapouliza kama binadamu wanahitaji sheria, anajibu kwamba wapo vijana wanaoelekea wema kwa malezi ya baba tu, lakini wapo wagumu wanaohitaji kuzuiwa kwa nguvu na woga. Na kwamba mtu akizoea kutenda jema kwa woga anaweza kufika mahali pa kulitenda kwa kupenda. Hoja hiyo ina nguvu. Mzee wa Kwamsisi ni shahidi wake: hakupenda shule siku ya kwanza, alipelekwa. Elimu ya msingi ilipofanywa ya lazima mwishoni mwa miaka ya 1970, mabinti wengi ambao baba zao walikuwa wameshapokea mahari waliingia darasani kwa sababu tu baba aliogopa kushtakiwa. Tungekuwa wajinga kuililia ridhaa ya baba yule.

Sisi pia tunaishi kwa kengele. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hakuna mjadala. Simu zinakaa kwa mlezi. Hatuli tunachotaka, hatutoki tunapotaka, na baadhi yetu tumejifunza kusali kwa sababu kwanza tulilazimika kukaa kikanisani tukisinzia. Mwanafunzi wa chuo kikuu akituona anadhani tuko jeshini. Tofauti ni kwamba geti la seminari linafunguka kutokea ndani. Wawili waliokuwa darasani kwetu waliondoka mwaka jana, wakapewa nauli na baraka, mmoja tunampigia simu kila likizo. Kengele inaweza kutulea kwa sababu kila Septemba tunarudi wenyewe na mabegi yetu.

Halafu Thomas huyo huyo, mlango mmoja tu mbele, anauliza kama sheria ya kibinadamu izuie maovu yote, na anasema hapana. Inatungwa kwa ajili ya watu wengi ambao si wakamilifu. Izuie yale mazito, hasa yanayowadhuru wengine, ambayo watu wengi wanaweza kuyaacha. Ukiwabebesha wasiokomaa mzigo wa waliokomaa, watalipuka waingie kwenye mabaya makubwa zaidi. Anakumbusha Methali, kwamba mwenye kukamua pua kwa nguvu hutoa damu, na divai mpya ya Injili inayopasua viriba vikuukuu. Tukichukua kipimo hicho tukarudi kwenye miaka ile, mambo yanajipanga yenyewe. Amri ya kumlazimisha mzazi amfungulie mtoto mlango wa darasa inasimama, kwa sababu anayelindwa ni mtoto. Amri ya kumwambia kijana wa miaka 19 ajenge kibanda chake wapi, apende nini, apige makofi saa ngapi, avae suruali yenye upana gani, haimlindi mtu. Inamtengeneza mtu wa nje tu. Asubuhi kitanda ni kitupu.

Na mtu wa nje ni ghali kuliko mtoro. Mtoro ulimpoteza mmoja. Kaka aliyetembea na bugaluu chumbani alijifunza kuwa na sura mbili, akawafundisha watoto wake, na tuna hakika wapo wajukuu wake wanaokuja kanisani wakiwa na sura ya kanisani. Wazee wengi wa Handeni hadi leo huitikia "ndiyo" kwa kiongozi yeyote anayeshuka kwenye gari, awe wa chama, wa serikali au wa dini, kisha wanafanya lao. Sisi tukifika tunasema ni watu watulivu, wanyenyekevu.

Habari hizi si za makumbusho. Tangu mwaka 2022 kijiji cha Msomera, wilaya hii hii ya Handeni, kimepokea familia kutoka Ngorongoro. Serikali inasema zimehama kwa hiari, na wapo wanaobisha. Hatukufika Msomera na hatutahukumu tusichokiona. Tunaona tu kwamba neno lile lile, hiari, bado linagombaniwa kwenye ardhi ile ile, na kwamba atakayejua ukweli wake ni kijana wa huko akiulizwa peke yake, bila mgeni wa gari pembeni.

Basi turudi kwenye daftari letu. Kanisa letu lina jumuiya ndogondogo, na mfumo wake wa nyumba chache chache unafanana sana, tusione aibu kusema, na ule wa balozi wa nyumba kumi. Unaweza kuwa familia, na unaweza kuwa daftari la mahudhurio. Katika parokia nyingi tulizopita, kijana "hajulikani jumuiyani" mpaka siku anapotaka ndoa au anapofiwa. Siku hiyo ndiyo tunamfungulia rejista. Tunamzuilia mtoto wake ubatizo kwa deni la baba, jambo ambalo hakuna mwalimu wetu wa teolojia angelitetea akiulizwa kwa utulivu. Tunafanya hivyo kwa sababu inafanya kazi: mahudhurio yanapanda. Malori pia yalifanya kazi. Vijiji vilijaa.

Usiku ule tulilisoma daftari upya, kwa sauti, kanuni moja baada ya nyingine, tukijiuliza kila moja inamlinda nani. Kiduku hakimdhuru mtu. Mlegezo unamdhuru mwenyewe akikimbia. Faini ya bodaboda ingemnyang'anya kijana mapato ya safari kadhaa huku mwenye pikipiki, ambaye ni mjumbe wa halmashauri, akidai hesabu yake ya siku kama kawaida. Tulipofika ya 14 tukakaa kimya. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Baada ya miaka mingi ya kuwafukuza, serikali ilifungua mlango wa darasa, na sisi, kwa kalamu yetu, tulikuwa tunafunga wa kwaya. Kibaya zaidi, katika wiki nzima ya kuwajadili wale wasichana wawili, hakuna aliyekuwa amekwenda kuwaambia kwamba ruhusa hiyo ipo.

Dominika iliyofuata tuliomba VIWAWA wabaki baada ya Misa. Walibaki 23, pengine kwa sababu walishasikia kuna kanuni zinakuja na walitaka kuzipinga wakiwa wengi. Tuliwasomea zote 19 bila kuficha, tukawaambia wafute. Kilikuwa kikao kirefu na cha kelele. Walifuta 15. Waliacha ya kutolewana siri za maungamo na za nyumbani mitandaoni, ya fedha za kwaya kusomwa hadharani kila mwezi, na ya kutoendesha pikipiki baada ya kunywa. Ya nne ni ile ya 14, ila waliigeuza: binti msomi wa kidato cha sita alisimama akasema atakayempa mwenzake mimba ndiye atakayetoka kwenye kwaya, mpaka atakapoonekana akihudumia mtoto. Wavulana walipiga kelele. Akawangoja wanyamaze, akauliza anayepinga asimame aeleze. Hakusimama mtu, ingawa hatuna hakika kama walikubali au waliona haya.

Halmashauri ya Walei haikufurahi. Mzee aliyetutuma alisema tumewaachia, na kwamba tutakapokuwa mapadri tutajuta. Huenda ana haki. Ameishi na vijana hao, sisi tulikuwa wageni wa miezi miwili. Alilichukua daftari akalifungia kabatini na kusema litajadiliwa Paroko atakaporudi safari.

Kwa wale wasichana tulikwenda wawili wawili, pamoja na mama mmoja wa WAWATA, kwa kuwa frateri kwenda peke yake kwa msichana kungezua kanuni ya 20. Mmoja alikwenda na mama yake kumwona mkuu wa shule, na siku tunaondoka alikuwa anatafuta sare. Wa pili tulimkuta kando ya barabara akiuza vitumbua, mtoto mgongoni. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema ahsante, amesikia, atafikiri. Tukataka kumsihi, mama wa WAWATA akatukanyaga mguu. Tukanunua vitumbua vya elfu mbili tukaondoka.